“Balimuharibu”: kwa nini shujaa wa katuni akifika televisheni huonekana si yeye

Balimuharibu. Hapa Bunia, kila kundi la vijana linapomaliza kutazama filamu ya mfululizo iliyotokana na katuni za mashujaa wenye nguvu za ajabu, neno hili halikosi kutamkwa. Msemaji hutikisa kichwa, na mara nyingi wenzake hunyamaza kidogo kabla ya kumjibu. Kwa Kiswahili sanifu tungeandika “walimharibu”, na mwanafunzi wa kitivo chetu akilisikia hukimbilia kulisahihisha: ba- iwe wa-, -mu- iwe -m-, basi. Naomba tuliache kama lilivyo, tulitazame kwanza.

Linalonivutia ni hiyo -mu-. Mtu aliyechukizwa na filamu angeweza kusema baliharibu filme, na kweli husema hivyo sauti inapokwaruza, au maneno ya Kifaransa yanapochelewa nyuma ya midomo, au aliyenakili alipokata nusu saa ili faili litoshe kwenye flash. Hapo kilichoharibika ni kitu. Lakini Hulk, Batman au Storm akiguswa, yambwa inakuwa ya mtu. Visa vinaweza kuwa vimefuatwa hatua kwa hatua, adui akawa yuleyule, vita vikaishia palepale, na bado shabiki akasema balimuharibu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiwauliza majirani zangu wa Nyakasanza, ndugu zangu na wenzangu wa darasa swali moja tu: walimharibu wapi? Jibu la kwanza huwa la nguo na misuli. Ukingoja kidogo, jibu la pili karibu kila mara ni hili: “Yeye hasemake vile.”

Angalieni kiambishi -ak- katika hasemake. Ni kile cha mazoea, ambacho Kiswahili chetu cha mashariki ya Kongo kinacho na ambacho sanifu hukieleza kwa kuzungusha: huwa hasemi hivyo, si desturi yake kusema hivyo. Shabiki, bila kujua, anatoa hoja ya isimu. Anasema kwamba shujaa ana mazoea ya lugha, kwamba yeye shabiki anayajua mazoea hayo, na kwamba televisheni imeyavunja. Nadhani hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa ya malalamiko haya, hata yale ambayo hayaitaji lugha kabisa.

Kuna sababu nyingine, sizikatai. Televisheni ina fedha chache kuliko sinema kubwa na ina saa nyingi za kujaza. Mfano unaojulikana ni Inhumans, mfululizo wa 2017 wa kituo cha ABC cha Marekani, uliofikia vipindi 8 ukafutwa. Malkia Medusa, ambaye katika katuni nywele zake ndizo silaha yake, alinyolewa mapema kabisa, na mashabiki hawakuhitaji kuambiwa kwamba nywele zinazocheza zenyewe ni ghali kutengeneza. Lakini mfululizo huohuo una jambo ambalo wanaouponda hulipita haraka. Mfalme Black Bolt hasemi, kwa sababu mnong'ono wake tu unaweza kubomoa jengo. Kwenye ukurasa wa katuni hilo halina shida: hana kiputo cha maneno, basi. Kwenye televisheni, mtu aliyekaa kimya kwa saa nzima lazima afanye kitu kwa mikono yake. Mwigizaji Anson Mount alimtungia mfalme lugha ya ishara yake mwenyewe, na Medusa akawa mfasiri wake. Yaani waliponyoa nywele walipunguza, walipotunga ishara waliongeza. Wale wanaojua desturi za Waakan wa Ghana, ambako mfalme husema kupitia msemaji wake, okyeame, watauona ukimya huo kwa jicho jingine kabisa: anayesema kwa kinywa cha mwingine si bubu, ni mkubwa.

Kisa hicho kinatuleta kwenye kiini. Katuni ni sanaa isiyo na sauti inayojifanya ina sauti. Ina viputo, ina herufi nene za kelele, ina milipuko iliyoandikwa, lakini ukurasa wenyewe hautoi hata mlio. Anayetoa sauti ni msomaji. Mimi niliwajua mashujaa hawa kupitia majarida ya zamani ya Kifaransa, mengine bila jalada, ambayo mjomba wangu aliyarudisha kutoka masomoni Kisangani. Nilikuwa bado sijakijua Kifaransa vizuri. Hulk wa kichwani mwangu aliongea kama fundi mmoja wa mtaani kwetu, mtu mnene wa maneno machache, na alitumia Kiswahili chetu. Kila msomaji ana Hulk wa aina hiyo. Roman Jakobson, katika makala yake ya 1959 ambayo tunaisoma mwaka wa kwanza na kuisahau mwaka wa pili, alitofautisha tafsiri za aina tatu: ndani ya lugha moja, kati ya lugha mbili, na kati ya mfumo mmoja wa ishara na mwingine. Kupeleka katuni kwenye televisheni ni tafsiri ya aina ya tatu. Lakini televisheni haitafsiri ukurasa peke yake. Inatafsiri ukurasa pamoja na sauti ambazo maelfu ya wasomaji wameshazitia humo, kisha inatoa sauti moja tu. Wengine wote wamenyang'anywa ya kwao.

Hulk ndiye mfano mkali kuliko wote. Katika katuni, baada ya miaka ya mwanzo, alipata namna yake ya kusema inayojulikana: sentensi fupi, vitenzi visivyonyambulishwa, na kujitaja kwa jina lake badala ya kusema “mimi”. Mwanaisimu angeiita sarufi yake binafsi. Mfululizo wa CBS uliooneshwa kuanzia 1978 hadi 1982 uliiondoa sarufi hiyo yote. Hulk, aliyechezwa na Lou Ferrigno, alinguruma tu. Hata mtu aliyefichwa ndani ya jitu alibadilishwa jina la kwanza, kutoka Bruce kwenda David. Mfululizo ulipendwa na watu wengi, na mimi mwenyewe nauona una huzuni nzuri ndani yake. Lakini kwa aliyetoka kwenye katuni, kiumbe mwenye lugha amefanywa mnyama. Lugha mbovu ni lugha bado. Kijana anayejiita kwa jina lake, asiyeweza kunyambua kitenzi, bado anataka kueleweka. Kijana anayenguruma tunamwogopa au tunamwonea huruma, hatumjibu.

Kinyume chake ni Batman wa 1966. Pale tatizo lilikuwa lugha kuzidi. Watengenezaji wa mfululizo ule wa ABC, uliodumu hadi 1968, walichukua maandishi ya kelele ya katuni wakayabandika kwenye skrini katikati ya ngumi, kwa rangi kali. Watazamaji wa kawaida walicheka. Mashabiki waliomtaka Batman wa usiku na wa kisasi waliona aibu, na aibu hiyo waliibeba miaka mingi. Sisi tunaosoma lugha za Kibantu tuna neno kwa kilichotokea. Clement Doke, katika kitabu chake cha istilahi cha 1935, aliyapa maneno ya namna hiyo jina la ideofoni. Walimu wetu wa fasihi husema tanakali za sauti. Katika lugha zetu tanakali si mchezo wa watoto. Msimulizi mzuri hasemi tu kwamba mti ulianguka. Anaangusha mti kwa kinywa. Nguvu yake inatokana na pumzi, na uso, na kiganja kinachopiga goti. Ukiiandika kwenye skrini huku ngumi yenyewe inaonekana na mlio wake unasikika, unasema jambo moja mara tatu, na kitu kinachosemwa mara tatu kinakuwa mzaha. Sidhani watu wa Batman ule walikosea, maana mzaha ndio walioutaka. Ninachosema ni kwamba mashabiki walijua kuutaja ugonjwa bila kujua jina lake.

Na ili nisionekane nasema televisheni haiwezi: Batman wa katuni za televisheni za 1992 alipewa sauti na Kevin Conroy, na mwigizaji huyo alifanya jambo dogo la akili sana. Alimpa tajiri Bruce Wayne sauti moja, na Batman sauti nyingine, nzito na ya chini. Mtu mmoja, sajili mbili. Kila mkaaji wa Bunia anajua hali hiyo, kwani anasema kwa namna moja sokoni, nyingine ofisini, nyingine tena kwao. Mashabiki wengi hadi leo wanamshika Conroy kuwa ndiye Batman wa kweli, ingawa katika katuni zile hatukuona uso wake kwenye picha. Huyo hakuna aliyesema aliharibiwa.

Sasa nije kwa Storm, kwa sababu huyu ni jirani yetu. Alitungwa na Len Wein na Dave Cockrum na akatokea mara ya kwanza mwaka 1975. Mama yake ni Mkenya, baba yake Mmarekani, na tunapokutana naye mara ya kwanza yuko Kenya, wenyeji wakimtukuza kama mungu kwa sababu anaamuru mvua. Jina lake ni Ororo. Katuni husema maana yake ni uzuri, bila kueleza ni kwa lugha gani. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Analisikia shina la sifa -ororo, lile la ngozi nyororo na kitambaa chororo. Mwanamke wa radi na kimbunga, jina lake ni ulaini! Kama ni bahati nasibu ni bahati nzuri, na ningetamani mwandishi mmoja tu wa televisheni angewahi kuitumia. Ila shina -ororo kwetu halisimami peke yake; linasubiri ngeli. Ororo basi ni sifa isiyo na nomino. Nimemfikiria hivyo tangu nilipolitambua.

Katika katuni Storm ana namna yake ya kusema. Kiingereza chake ni kamili mno, hakikatwi wala hakifupishwi, kama cha mtu aliyejifunza lugha akiwa mkubwa na akaiheshimu kuliko wenyewe. Wengi wetu tunasema Kifaransa cha namna hiyo. Mfululizo wa katuni za televisheni ulioanza 1992 uliisikia tabia hiyo ukaikuza: Storm wa pale haombi upepo uje, anauhutubia. Wapo waliocheka, lakini mashabiki walimpenda, na X-Men '97 ilipotoka mwaka 2024, sauti ya Alison Sealy-Smith ilirudishwa. Hotuba zile zilikuwa zimeshakuwa mazoea yake, ile -ak- yetu.

Sinema ilifanya tofauti, na hapo ndipo malalamiko makubwa yalipozaliwa. Katika filamu ya mwaka 2000 Halle Berry alimpa Storm lafudhi iliyokusudiwa kuwa ya Kiafrika. Katika filamu ya pili, ya 2003, lafudhi ilikuwa imetoweka, na hakuna aliyeeleza ilikokwenda. Nilipowaonesha wenzangu filamu hizo mbili mfululizo, mmoja aliuliza kama ni pacha wake. Lafudhi yenyewe haikuwa nzuri. Mkenya angeitilia shaka. Lakini lafudhi mbaya ilikuwa inasema: huyu ametoka mahali. Ilipoondolewa, hakubaki na mahali.

Na mahali penyewe pametungwa kwa uvivu. Mfululizo ule wa 1992 una kisa kinachomrudisha Storm Afrika kumwokoa mtoto wake wa kiroho, na mtoto anaitwa Mjnari. Jaribuni kulitamka. Kiswahili kinaruhusu mj-, kama katika mjomba, lakini -jn- bila irabu katikati haipo katika Kiswahili. Aliyeliandika jina alijua kwamba Waafrika wana konsonanti zinazofuatana, hakujua zipi. Ni ugonjwa uleule wa alama ya ritifaa: T'Challa, M'Baku, N'Jadaka, na mama yake Storm mwenyewe, N'Daré. Kwetu ritifaa ina kazi. Inatenga ng'ombe na ngoma. Ukiiondoa unabadilisha sauti. Katika majina hayo haitengi chochote. Ni pambo la kuonesha ugeni, kama manyoya kwenye kofia. Wakanda nayo, tukiwa tunazungumza, ina wa- ya ngeli ya watu. Sikio la Mswahili linasikia wakaaji, na linauliza nchi yao iko wapi. Nchi ingekuwa Ukanda.

T'Challa alitungwa mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, na kwa miaka karibu hamsini lugha yake ilikuwa hizo ritifaa tu. Aliyempa lugha ya kweli ni mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini, aliyecheza baba yake katika filamu ya 2016 na kupendekeza waseme Kixhosa, lugha yake mwenyewe. Kixhosa kikabaki. Katika mfululizo wa televisheni wa 2021, The Falcon and the Winter Soldier, Ayo anakisema pia, naye amechezwa na Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala. Wako wasemaji wa Kiswahili wanaolalamika kwamba nchi iliyochorwa upande wetu wa Afrika inasema lugha ya kusini kabisa. Nawaelewa, lakini siungani nao. Lugha halisi iliyohamishwa mahali ni bora kuliko ritifaa. Mtu anaweza kuisikiliza, akaitafsiri, akakosoa vitenzi. Mjnari huwezi kumkosoa kitu.

Kwetu Bunia jambo hili lina ghorofa ya pili, kwa sababu mashujaa hawa hatukuwapokea kwa Kiingereza. Walipitia Ufaransa kwanza. Storm kwa Kifaransa ni Tornade. Na Wolverine, yule wa makucha ya chuma, katika majarida ya nyumba ya Lug ya mji wa Lyon aliitwa Serval. Mnyama ambaye Waingereza humwita wolverine ni wa nchi za baridi. Kifaransa humwita glouton, yaani mlafi, na si vigumu kuona kwa nini mfasiri hakutaka shujaa aitwe Mlafi. Akachagua serval. Serval ni mondo, paka wa miguu mirefu na madoa wa nyika zetu za Afrika. Kwa hiyo mtoto wa Kongo aliyesoma majarida yale alikuwa na Mkanada mwenye jina la mnyama wa huku. Mjomba wangu alipotazama filamu ya 2000, ambako hata Kifaransa kilirudia kumwita Wolverine, alikasirika kwa dhati. Walimnyang'anya jina, alisema. Nilijaribu kumweleza kwamba Wolverine ndilo la asili. Akaniuliza: la asili ya nani?

Swali hilo lilinirudisha kwenye sinema ndogo za video za utoto wangu, zile za mabenchi na jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta. Pale filamu haikusikika peke yake. Ilikuwa na msimulizi. Afrika Mashariki nzima inawajua watu wa kazi hiyo. Dar es Salaam alikuwapo Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Nairobi yupo DJ Afro. Kampala wapo wengi, kama VJ Jingo, na VJ Emmie ambaye sauti yake ndiyo nusu ya utamu wa Who Killed Captain Alex?, filamu ya Isaac Nabwana ya 2010. Kanda za Kiganda zilivuka ziwa zikatufikia, nasi tulizitazama bila kuelewa neno, tukicheka walipocheka walioelewa. Lakini pia tulikuwa na wetu wa hapa, aliyesema kwa kipaza sauti kilichofungwa kwa utepe. Msimulizi huyo hakumwita Storm Tornade wala Storm. Alimwita Mama ya Mvua, kwa ile -a- ya uhusiano isiyojali ngeli ambayo walimu hututoza alama kwa ajili yake. Upepo ulipoanza kwenye skrini, alipaza sauti: “Mama ya Mvua njo anakuya, batu mukimbiye!” Na watoto wa benchi la mbele walikimbia kweli.

Kisimulizi, alichofanya mtu yule ni uharibifu mtupu. Aliruka mazungumzo, aliwapa wahusika ukoo wasiokuwa nao, alimtaja mteja aliyechelewa kulipa, aliwatukana majambazi wa filamu kwa niaba yetu. Sijamsikia hata mtu mmoja akisema alimharibu Storm. Nilipoitazama filamu ileile miaka baadaye, bila yeye, kwa Kifaransa safi, ndipo nilipohisi nimeibiwa. Yule mwanamke wa kwenye skrini alikuwa kimya mno. Kwa muda mrefu nililiona hilo kuwa ujinga wa utoto. Leo nadhani msimulizi alikuwa ameirudisha ile kazi ya msomaji wa katuni: sauti haikuwa imefungwa ndani ya picha, ilitoka kwa mtu aliyekaa nasi, aliyejua tunavyosema, na kesho yake angeweza kuibadilisha. Tanakali zake hazikuandikwa. Alizitoa kwa pumzi.

Wenzetu wa fasihi simulizi watakuwa wameshaona ninakoelekea. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, huko kwa Wanyanga wa Walikale, msimulizi Candi Rureke alimtolea Daniel Biebuyck na wasaidizi wake utendi wa Mwindo kwa siku 12. Akaimba, akasimulia, akacheza, akaingilia kati mara kwa mara kusema na waliokuwapo. Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Mwindo hana la kujifunza kwa mashujaa wa Marekani. Baba yake, Shemwindo, alikuwa ameamuru wake zake wazae wasichana tu. Yeye akazaliwa akicheka, akisema na kutembea, mkononi ana usinga wake, conga, wenye nguvu za kufufua. Anajiita Kabutwa-kenda, aliyezaliwa akatembea. Anashuka kuzimu na kurudi. Rafiki yake ni Nkuba, radi, naye Nkuba huyohuyo baadaye anampandisha mbinguni na kumtesa kwa baridi, mvua na jua ili ajifunze kiasi. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye masimulizi tofauti ya Mwindo kutoka kwa wasimulizi wengine, na yanaachana katika mambo makubwa, si madogo. Hakuna dalili kwamba Wanyanga waliona moja ni asili na mengine ni uharibifu.

Hapo wengine husema: basi mashabiki wa leo ni wakali bure, kila toleo ni halali. Sikubaliani. Hadhira ya Rureke ilikuwa inaitikia nyimbo. Kila msimulizi aliyembadilisha Mwindo alimbadilisha mbele ya watu walioweza kukataa kuitikia. Shabiki wa televisheni hana pa kuitikia. Analo neno lake moja, balimuharibu, na analisema skrini ikiwa imeshazimwa.

Nayaandika haya kwa sababu katika kitivo chetu limeanza kuzungumzwa, kwenye veranda zaidi kuliko darasani, wazo la kumfanya Mwindo mfululizo wa katuni za televisheni. Nimesikia hoja nyingi kuhusu mavazi na picha, na nani atalipa. Kuhusu lugha nimesikia hoja moja tu: Kifaransa, ili auzike. Mwingine alijibu Kiswahili, ili aeleweke Bunia na Goma. Hakuna aliyetaja Kinyanga. Lakini kuchagua lugha ni mwanzo tu. Mwindo anaimba, nani ataitikia? Wasiomtaka wanajaribu kumuua kwa mikuki, wanamzika, anatoka. Mwishoni baba anaagiza achongewe ngoma, afungiwe ndani na kutupwa mtoni. Picha ya pale ni ngoma juu ya maji, hakuna zaidi. Shujaa haonekani hata kidogo. Kilichobaki ni sauti inayoimba ndani ya ngozi ya ngoma, ikimtangazia shangazi yake Iyangura kwamba anakuja. Televisheni itakayoshindwa hapo imeshindwa kila mahali, hata kama usinga umechorwa vizuri.

Nilimsimulia mdogo wangu sehemu hiyo kwa Kiswahili cha nyumbani. Ana miaka 11. Hakuuliza Mwindo alivaa nini. Aliuliza: “Kule ndani ya ngoma, anaimbaka na sauti ya mutoto ao ya mukubwa?” Maana yeye ni mtoto mchanga, na anasema kama mzee. Akajaribu zote mbili, kwanza kwa sauti nyembamba, kisha kwa ya babu yetu, akiwa ameziba mdomo kwa sufuria ili isikike kama imetoka ndani. Ya babu ilitisha zaidi, lakini ya mtoto ndiyo iliyomfanya mama asimamishe kazi yake jikoni na kusikiliza. Nilirudi kwenye kitabu kutafuta jibu sikulikuta: chapa imehifadhi maneno ya wimbo, si koo lililouimba. Kama kuna msomaji wa jarida hili ambaye Kinyanga ni lugha ya nyumbani kwao, au ambaye amewahi kukaa mbele ya msimulizi wa Walikale akaitikia, naomba anitafute kitivoni. Nataka kusikia sehemu ya ngoma inavyoimbwa, na ni sauti ipi aliyopewa mtoto.